Makofi Niliyoyatoa Chumbani

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenisimamisha mbele yenu na gitaa mkononi, bila kutetemeka. Naanza na kosa langu: nilimfukuza mama yangu chumbani ili wimbo wangu utoke safi.

Ilikuwa kwetu katika mji wa bandari wa Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Gitaa nilijifundisha mwenyewe, kwa kusikiliza kaseti za roki kutoka ng'ambo. Nilirudia sehemu moja mpaka vidole vikavimba. Nilikuwa na bendi ya watu watatu: mimi, mpiga ngoma, na Ali wa gitaa la besi, kijana wa Kingazija aliyekaa nyumba ya pili.

Siku tuliyoazima kinasa sauti, mama alitandika mkeka pale pale chumbani, akaketi na dada yake, wakaanza kupiga makofi. Kwetu Wasakalava wimbo hauendi bila makofi ya kina mama. Lakini katika kaseti zangu za ng'ambo sikuwahi kuyasikia. Nikasimamisha wimbo.

"Mama, mnaniharibia. Roki haipigiwi makofi."

Mama mdogo akacheka. "Kwani hiyo roki ni mgonjwa? Hata makofi yanamuumiza?"

Mama hakucheka. Alikunja mkeka, akasema, "Twende tukachambue mchele, tumwachie mtu roki yake." Tangu siku hiyo hakunipigia makofi tena. Baadaye mama mdogo aliolewa kisiwani Nosy Be, na mama akamfuata.

Ndugu zangu, wimbo ule niliurekodi tena na tena, miaka mitatu. Kila mara niliufuta. Mara uzi umelia vibaya, mara nimevuta pumzi kwa nguvu. Mbele ya watu niliogopa kukosea, nikakataa kupiga hata harusini. Mpiga ngoma aliondoka. Ali alivumilia, mwisho akaniambia, "Kaka, wewe hutaki bendi, unataka mahakama. Mimi nimeshahukumiwa vya kutosha." Akaenda.

Nikabaki na chumba kilichonyamaza kama nilivyotaka. Na humo ndani, nasema kweli mbele za Mungu, nilichokitamani ni makofi ya mama. Niliangalia pale mkeka ulipokuwa. Barua nilianza mara nyingi, nikazichana, kwa sababu hata kuomba radhi nilitaka kuwe bila dosari.

Ndipo ikaja habari kutoka Nosy Be: mama amepooza upande wa kushoto.

Nilipanda meli ya mizigo, gitaa mgongoni, kinasa sauti mkobani. Njia nzima niliomba neno moja: "Bwana, nipe niusikie mkono wa mama, mara moja tu. Yaliyobaki sitayasahihisha."

Nilimkuta amelazwa karibu na dirisha. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu bandarini, yakapotea yote. Akatazama gitaa.

"Umemaliza ule wimbo?"

"Bado, mama."

"Hee! Mtoto wa mama mdogo wako amezaliwa, ameota meno, anatembea, wewe bado. Piga."

Nikawasha kinasa sauti, nikapiga. Vidole viliteleza, nikakosea mwanzo, nikataka kurudia. Mama akanyoosha mkono wake wa kulia, ule mzima, akaanza kupiga gotini pangu. Hakunifuata mimi, na hakungoja nitengeneze. Pigo lake lilitangulia langu kidogo, na pale pale nikasikia kilichopungua miaka yote ile. Nilimfuata mpaka mwisho. Makosa yalikuwamo, mengi, na sikusimama. Hofu ilinitoka nikiwa nimeketi pale, ndugu zangu, na haikurudi. Huyo ni Mungu. Mimi nisingeweza.

Mama aliishi miezi saba baada ya hapo. Kaseti ninayo yenye mkono wake mmoja gotini pangu. Makofi yake ya mikono miwili sinayo popote, na hayo nitayatamani mpaka nife.

Wewe uliyemtoa mtu chumbani ili kazi yako iwe safi, mwamini Mungu, umrudishie mkeka wake leo, hata kama maneno hujayapanga vizuri.

Mimi siku hizi narekodi mlango ukiwa wazi. Ali amerudi. Kina mama wanaketi mbele, wanapiga makofi, na wimbo ukiisha siufuti.