Mkono Uliotulia

Basi la Woodley lilikwama kwenye foleni ya Ngong Road, na Nanjala, muuguzi aliyekuwa akienda zamu, akafungua daftari akaanza kuchora duara ndani ya duara. Mzee aliyeketi kando yake alishindwa kujizuia.

"Mama mzima unachora kama mtoto wa nasari? Si ungeomba Mungu tu?"

"Naomba pia, mzee. Lakini tangu nimzike binti yangu, mikono inatetemeka. Nikichora inatulia, na ndipo nawadunga watu sindano."

"Watu watasema umechanganyikiwa."

"Wacha waseme. Wakiletwa wodini watanishukuru."

Mzee akakohoa. "Bado ni mambo ya watoto."

Foleni ilipoachia, basi likafika kituo cha hospitali, kondakta akamwita Nanjala ashuke. Yeye hakuinua macho.

"Ngojeni," alisema, "nimalize mstari huu."