Pesa Ikishaenda Imeenda

Kwenye basi kutoka Migori, kiti cha mbele yangu, mzee wa Kikuria alimuuliza msichana aliyeketi kando yake anasomea nini.

"Fedha za biashara, baba, chuoni Rongo. Lakini naacha."

"Eh! Na karo alilipa nani?"

"Mama. Aliuza shamba. Lakini tumefundishwa pesa ikishaenda imeenda, unaamua kwa kuangalia mbele. Nimeangalia. Dada yangu alimaliza kozi hiyo hiyo, sasa anauza omena sokoni."

Angalau somo huyu alilielewa, niliwaza.

"Mama umemwambia hivyo?"

"Kwa Kiingereza ningeweza. Lakini mama anasikia Kijaluo tu, na kwa Kijaluo hayo maneno yanatoka kama matusi."

Mimi nina binti kidato cha nne, nikaanza kupiga hesabu ya karo yake.

Basi likasimama. "Rongo, shukeni!" kondakta akaita. Msichana hakuinuka.