Mama Vigezo, Aliyetufutia Asilimia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, kumi na miwili kati yake akiwa mwalimu wa taaluma, Mama Vigezo anastaafu Ijumaa hii. Idara ya hisabati imeombwa iandike machache, labda kwa sababu ndiyo iliyomlalamikia kuliko zote.

Malalamiko yalikuwa na msingi. Zamani mwanafunzi alipata alama moja kwa somo zima: sitini na tatu, basi, yamekwisha. Mama Vigezo akafuta asilimia na nafasi darasani, akataka kila stadi ipimwe peke yake, kuanzia 1, yaani bado hajaweza, hadi 4, yaani anaweza hata kumfundisha mwenzake. Wanafunzi mia mbili na arobaini mara stadi sita ni alama 1,440 kila muhula, kwa somo moja. Na asiyeweza hupimwa tena. Mzigo huo hakuna aliyetupokea.

Wazazi nao walikuwa na yao. Ripoti za kwanza zilipotoka, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliona mwanawe ana 1 kila mstari. Akadhani mtoto amekuwa wa kwanza katika kila kitu, akamnunulia baiskeli. Mwana, kwa heshima kubwa aliyonayo kwa baba yake, hakumsahihisha.

Baba aliujua ukweli kwenye kikao cha wazazi, mbele za watu. Hapo pakachafuka. Mama mmoja alisema ripoti isiyo na nafasi ni mechi isiyo na magoli. Mwingine akauliza ni chuo gani kitampokea mtoto wa "bado hajaweza". Ikatolewa hoja mpango ufutwe siku ile ile. Mama Vigezo akasema ukifutwa, na kazi ya taaluma wampe mwingine. Walimu tukainamisha vichwa, isije ikaonekana tunajitolea.

Kisha akamgeukia fundi: anayejifunza kwake akiharibu tangi mara tatu, la nne likatoka zima, humpa wastani wa yote manne?

"Mwalimu, tangi halina wastani," fundi akajibu. "Linavuja au halivuji." Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba baiskeli dukani hairudi, kwa hiyo mtoto apimwe tena mpaka aweze.

Mpango ulipona kwa kura tisa. Mama Vigezo akakaa na kijana yule kila alasiri. Milinganyo peke yake ilikula mihula miwili. Alimaliza shule akiwa na 3 nyingi na 4 moja, zote za jasho lake.

Mwezi uliopita kamati ya wazazi iliuliza kama asilimia zinaweza kurudi sasa, maadamu mwenyewe anaondoka. Idara ya hisabati ilikuwa ya kwanza kukataa. Hatukuteseka miaka yote hiyo ili kazi itupwe.

Asante, dada yetu mkubwa. Tunakuombea afya njema na asubuhi zisizo na kengele. Simu tu usizime. Ripoti zinatoka mwezi ujao.