Mama Kifuniko Anastaafu, Jakuzi Linabaki Limefunikwa

Baada ya miaka ishirini na sita katika idara ya ufundi, mwenzetu tunayemwita Mama Kifuniko atarudisha funguo za gari la huduma tarehe thelathini ya mwezi huu na kustaafu rasmi. Wageni waalikwa watakaosoma ukurasa huu wakisubiri soda wajue mapema kwamba hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Amelitolea jasho.

Aliajiriwa kampuni ilipokuwa ikiuza mabomba na masinki tu. Tulipoanza kuuza majakuzi, yale mabeseni makubwa ya nyumbani ambamo watu hukaa kwenye maji moto yanayobubujika, wengi wetu tuliyakwepa. Yana pampu, hita, chujio na nyaya, na vyote vimebanana jirani na maji. Yeye alilifungua la kwanza ubavuni, akaingiza kichwa na kukaa humo asubuhi nzima. Alipotoka alitangaza kwamba ndani hamna cha kutisha, na kwamba tumemwachia chai ikapoa.

Tangu hapo, mteja akilalamikia bili ya umeme, anatumwa yeye. Huingia uani kwa mtu kama shangazi aliyekuja kukagua nyumba. Hupitisha kiganja ukingoni kutafuta mvuke unaopenya, huosha chujio lililoziba ili pampu isihangaike, huvisha mabomba sponji, na upepo ukiwa unapiga maji moja kwa moja, huamuru pawekwe kizuizi. Familia zinazozozana kuhusu joto, huyu akipandisha na yule akishusha, huwakalisha chini mpaka wakubaliane. Wakisafiri, washushe, wakiwepo, waliache lilivyo. Unyenyekevu wa kujifanya hana. Anajua kwamba anajua, na hukuambia hata kama hujamuuliza.

Lakini kuna nyumba moja iliyomkosesha raha. Bwana wa nyumba ile ni dereva mstaafu wa malori, ambaye magoti yake yaliishia kwenye klachi. Watoto wake walichanga wakamnunulia jakuzi, na kila asubuhi akitoka majini aliweza kuinama na kuvaa viatu mwenyewe bila kumwita mkewe. Muda si muda bili ya umeme ikawafanya watoto wale watoe macho. Kifungua mimba, ambaye ndiye aliyekuwa akiilipa, alitafuta mnunuzi na akasema bayana: umeme usiposhuka mwezi unaofuata, jakuzi linaondoka. Mzee hakubishana na mwanawe. Alimpigia simu fundi wetu na kumwomba, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba, amsaidie asirudi kuvalishwa viatu.

Mama Kifuniko, ambaye wakati huo hakuwa bado na jina hilo, alikwenda akabadilisha kidhibiti joto. Mita haikupunguza mwendo. Akarudi akavisha mabomba sponji. Wapi. Mara zote mbili alikuta jakuzi liko wazi, akadhani wenyeji wamemfunulia kwa heshima, kama unavyomfungulia mgeni mlango. Alirudi karakana amenuna, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwomba hata bisibisi.

Kilichomwokoa ni usahaulifu. Aliacha spana yake kwa mzee, akaifuata kesho yake bila kupiga simu. Alikuta ua mtupu, jakuzi liko wazi, mvuke unakwenda zake juu na hakuna anayeoga. Akamuuliza mke wa mzee, fundi cherehani mtaratibu, kifuniko kiko wapi. Akapelekwa stoo. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani, bado kimo ndani ya nailoni yake, kisichakae.

"Tumekitunza, mwanangu," mama yule akamweleza. "Mbona kule dukani kwenu halifunikwi?"

Na kweli, dukani kwetu halikuwa likifunikwa. Jakuzi la maonyesho lilikaa wazi tangu tunafungua mpaka tunafunga, kwa amri ya meneja wa mauzo, ambaye aliamini kwamba mvuke ndio unaovuta wateja. Kumbe watu walitoka kwetu wamejifunza kuchemsha anga. Nailoni ile ilichanwa palepale kwa mkasi wa cherehani, kifuniko kikafungwa kamba zake zote, na fundi wetu akaondoka mbio. Spana aliisahau tena.

Siku hiyohiyo alilifunika jakuzi la dukani. Meneja akalifunua. Akalifunika. Walishindana hivyo kwa siku kadhaa, wateja wakiangalia, na kila aliyeuliza kulikoni alijibiwa na fundi wetu kwamba hata chupa ya chai ina kizibo. Meneja alitaka fundi ahamishiwe ghalani. Yeye akasema atahama, lakini atakwenda na kifuniko. Mwisho mkurugenzi, ambaye ndiye mlipaji wa umeme wa duka, aliiona bili ya mwezi ule ikiwa imepungua kuliko alivyowahi kuiona, na mjadala ukafungwa.

Nyumbani kwa mzee nako mita ilitulia, na kifungua mimba akampigia mnunuzi kumwambia atafute kwingine. Jina la Mama Kifuniko lilianzia kwa mzee huyo. Sisi tulilidandia tu.

Siku hizi mteja akija dukani hukaribishwa anyanyue kifuniko mwenyewe, joto limpige usoni, kisha akirudishe. Tunauza zaidi kuliko enzi za mvuke. Meneja, ambaye sasa ni rafiki yake mkubwa, husimulia kwamba wazo hilo lilikuwa lake, na Mama Kifuniko humwacha asimulie mpaka mwisho ndipo acheke.

Nasema bila kuzunguka kwamba inaniuma kumwona anaondoka. Amenifundisha kazi, amenigombeza mbele za watu, na nilipouguliwa nyumbani alinishikia zamu bila kunieleza.

Hafla itafanyika palepale dukani. Mpiga picha aliomba jakuzi lifunuliwe ili picha ya kumbukumbu ipendeze, na mstaafu wetu amejibu kwamba basi apige picha isiyopendeza. Mzee na mkewe wamethibitisha kuja. Wanaleta spana. Mzee ametuma salamu kwamba atachelewa kidogo, kwa sababu lazima kwanza akae majini ndipo avae viatu.

Asante kwa kila ua uliouingia kwa niaba yetu. Mungu akupe afya, kicheko na asubuhi zisizo na kengele ya saa. Nenda ukapumzike, mama. Tutafunika.