Bi Nyevu Kambi, Aliyesimama Mlangoni pa Mahakama ya Kale (1927–1988)

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mtondooni, na ninyi nyote mliotoka Jilore, Malindi na Marereni kumsindikiza dada yangu: mimi ni Nahashon Kambi, mdogo wake, yeye na mimi tulinyonya ziwa moja. Kamati ya mazishi imeniomba nisome kwa upole. Nitasoma kwa heshima. Upole sikuahidi.

Marehemu Nyevu Kambi alizaliwa Jilore tarehe 14 Agosti 1927, kifungua mimba wa Mzee Kambi Jefwa na Mama Kanze. Siku hiyo baba hakuwepo nyumbani. Alikuwa amechukuliwa na askari wa serikali ya kikoloni, yeye na vijana wenzake, akapelekwa hapa Mtondooni kupasua mawe ya matumbawe na kuyabeba begani hadi ulipokuwa ukijengwa Uwanja wa Boma: ofisi ya bwana shauri wa wilaya, forodha, posta na mahakama, majumba manne yanayotazamana. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Aliporuhusiwa kurudi kwake, alimkuta binti yake anatambaa. Kovu la begani alizikwa nalo.

Nyevu alianza masomo katika shule ya misheni hapo Jilore. Majirani walimcheka baba wakisema anamsomesha mke wa watu. Baba akawajibu, "Vyema. Huyo mtu atapata mke anayejua kusoma." Baadaye alikwenda shule ya bweni ya wasichana huko Kaloleni, akamaliza mwaka 1944, kisha akarudi Jilore kufundisha watoto wadogo. Mimi ni mmoja wa aliowafundisha, na hakunipendelea hata kidogo. Nilichapwa sawa na wenzangu.

Mwaka 1949 alifunga ndoa na marehemu Dena Kazungu, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, katika kanisa la Jilore, wakahamia Mtondooni. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kazungu, Sidi na Fondo. Shemeji Dena alituacha mwaka 1974, na Nyevu akaendelea kuilea nyumba ile peke yake, bila kumsumbua mtu.

Mwaka 1956 aliajiriwa posta, kwenye mitambo ya simu. Enzi hizo Mwafrika hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele wa posta ile. Nyevu, ambaye bila yeye hakuna Mzungu wa Mtondooni angeweza kuzungumza na Mombasa, alipitia nyuma, karibu na choo. Siku moja afisa mmoja alimfokea kwenye simu, "Nipe Mombasa!" Akamjibu, "Mombasa si yangu, bwana, hata nikupe. Lakini naweza kukuunganisha." Alikaripiwa vikali, na jioni ile mji mzima ulikuwa ukicheka.

Desemba 1963, asubuhi ya kwanza ya kazi baada ya Uhuru, alimleta baba kutoka Jilore, wakaingia posta pamoja kwa mlango wa mbele. Baba akapitisha kiganja ukutani, polepole, akasema, "Yamekaa vizuri haya mawe." Kisha akaomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwepo.

Dada yangu alistaafu mwaka 1982. Miaka miwili baadaye serikali ilitangaza kwamba Uwanja wa Boma na majumba yake manne ni urithi wa taifa. Kibao kikapigiliwa ukutani pa mahakama ya kale: ni marufuku kubomoa au kubadilisha chochote. Nyevu alikisoma kwa sauti mbele ya wajukuu wake, akafurahi kama aliyejengewa nyumba.

Sasa nafika pale nilipoombwa nipapite haraka.

Mwaka 1986 alikuja tajiri mmoja, ambaye jina lake sitalitia katika ibada ya mazishi, akiwa na mchoro wa maduka ya watalii na maegesho ya magari. Mkutano uliitishwa hapo uwanjani. Msemaji wake alisimama akasema, "Haya ni majumba ya aibu. Tuondoe ukoloni, tulete maendeleo." Watu wakapiga makofi. Wengine wenu mmeketi hapa.

Nyevu akanyanyuka. "Aibu ya nani?" aliuliza. "Waliokaa humo kivulini wamerudi kwao Ulaya. Waliobeba mawe tumewazika Jilore. Mkiyaondoa, mjukuu wangu nitamwonyesha nini? Nitamwambia babu yako aliumia bega kwa ajili ya maegesho ya magari?"

Aliombwa aketi.

Jumamosi ya tarehe 11 Aprili 1987, mchana kweupe, kibao cha serikali kilibanduliwa ukutani. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Tulikuwa kanisani, kwaya inaimba, tukasikia ngurumo ya tingatinga. Walikuwa wamechagua siku vizuri: ofisi zote zimefungwa, na sisi tumefumba macho tunasali.

Dada alitoka na tawi la mkindu mkononi. Alimkuta Bi Kuluthumu Mbaruk, jirani ambaye nyumba yake inatazamana na mahakama, tayari amesimama mlangoni pa mahakama na buibui lake. Bi Kuluthumu yuko hapa mbele yenu, nikikosea atanisahihisha. Nyevu akasimama kando yake. Msimamizi wa kazi akawaambia, "Mama zangu, tokeni. Nyumba ya mkoloni mnaililia nini?"

"Mkoloni hakubeba hata jiwe moja," Nyevu akamwambia. "Baba yangu ndiye aliyebeba. Wewe wa kwako alikuwa wapi?"

Msimamizi yule, kijana tu, akapanda kwenye tingatinga. Akazima mtambo. Laiti mambo yangeishia pale!

Lakini polisi waliitwa, wakaja, na hawakumgusa mwenye tingatinga. Waliwakamata kina mama wawili, mmoja ana miaka hamsini na tisa, mwingine amempita, wakawaburura kwa mikono mbele ya watu wao. Mahakama ya kale ilianguka kabla ya adhuhuri. Sheria ilikuwepo. Tangazo la serikali lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye cheo wa kusema hapana.

Wananchi ndio waliosema. Waliotoka kanisani na waliotoka msikitini waliketi chini mbele ya posta, wamechanganyikana, hakuna aliyewapanga, na tingatinga halikupata njia. Keshoye wakili mmoja alijitolea kwenda Mombasa, akapata amri ya kusimamisha kazi. Ndiyo maana majumba matatu yamesimama hadi leo. La nne sasa ni maegesho. Hakuna aliyeshtakiwa.

Dada yangu na Bi Kuluthumu walilala mahabusu hadi Jumanne, masika yamepamba moto, sakafu inatiririka maji. Bi Kuluthumu alivua leso yake akamtandikia mwenzake. Kisha wakafunguliwa bila shtaka, kwa sababu shtaka halikuwepo.

Nyevu alitoka na kikohozi, na kikohozi hakikumwacha. Ikawa homa ya mapafu, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Tangu Januari mwaka huu hakuweza kutembea. Kila aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kwanza, "Posta ingalipo?" Akiambiwa ipo, ndipo alipopokea shikamoo yake. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Machi 1988, Sidi akiwa amemshika mkono.

Mtu asiniambie kwamba dada yangu amekufa kwa kikohozi tu. Mungu ametwaa, nakubali, jina lake lihimidiwe. Lakini Mungu hakumlaza kwenye sakafu ile.

Naona hapa shada kubwa la maua, limeletwa asubuhi na watu walionyamaza mwaka jana. Shada nimelipokea, kwa kuwa maiti hakatai maua. Jibu bado nalingoja: nani aliamuru kibao kile kibanduliwe? Nitauliza wiki ijayo, na wiki itakayofuata, nami si mtu wa kuchoka haraka.

Marehemu ameacha watoto wake, Kazungu, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, Sidi na Fondo, wakwe zake, wajukuu wengi waliomwita Hawe, yaani bibi kwa lugha yetu, mimi mdogo wake, na Bi Kuluthumu, ambaye tangu mwaka jana tunamhesabu kuwa dada wa nyumba hii, na hivyo ndivyo tulivyomwandika katika orodha ya familia.

Mungu ampe Nyevu usingizi wa amani. Sisi aliotuacha, tusilale.