Kiazi Kwenye Majivu: Maisha ya Silvester Kalinga, 1972–2025

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa hapa Mafinga tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa kwanza wa Mzee Aroni Kalinga, mpasua mbao, na Mama Verediana. Wa pili na wa mwisho alikuwa Vitus. Mama Verediana alikuwa na desturi yake: mtoto akichelewa kurudi nyumbani, hakumwekea chakula kwenye sahani. Kiazi chake kilifukiwa kwenye majivu ya moto, kikamsubiri humo.

Silvester alisoma shule ya msingi hapahapa, 1980 hadi 1986, kisha akaenda Iringa kujifunza useremala, akaishia katikati. Katika ukoo huu kuishia katikati si jambo geni. Tuendelee.

Mwaka 1993 Vitus, akiwa na miaka kumi na sita, alipanda lori la mbao kwenda Mbeya kutafuta kazi. Alisema atarudi Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi. Silvester alimfuata Mbeya mara nyingi, akauliza sokoni na kwenye maegesho ya malori, akarudi peke yake kila mara.

Mwaka 1998 alifungua kibanda cha video. Alikuwa anazima sauti ya filamu na kutafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti. Za Kihindi alisimuliwa na rafiki yake Vinubhai, mwenye duka la kanda Iringa mjini. Kichina alikijua kwa ujasiri tu. Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia iliyompa sifa na matusi kwa kiwango sawa. Kulikuwa na filamu ya Kihindi ambamo mama anapotezana na mwanawe kwenye stesheni ya treni. Kulikuwa na nyingine ya Kichina ambamo yatima anarudi kwenye hekalu lililoungua na kupekua majivu. Marehemu alizionyesha mfululizo, akatangaza kwamba huyo ni mtoto yuleyule, amekua. Ushahidi? Pale stesheni alimtafsiri yule mama hivi: "Mwanangu, kiazi chako nimekifukia kwenye majivu." Na yatima alipoanza kupekua majivu, marehemu alishusha sauti: "Anakitafuta."

Vinubhai aliposikia alishika kichwa. "Silvester bwana, yule mama anauliza treni inaondoka saa ngapi! Kiazi kimetoka wapi?"

"Vinubhai, wewe unasikia maneno. Mimi namwona mama."

Mwaka 1999 binti mmoja wa Tukuyu, aliyekuja kumtembelea shangazi yake, alisimama katikati ya onyesho. "We dijei, muongo! Mtoto wa kule ana kidoti shavuni, huyu hana!" Kipaza sauti kikamjibu, "Dada, amenawa uso. Kaa chini." Akakaa, na hajaondoka mpaka leo. Ndiye Tusekile. Walifunga ndoa Kanisa Katoliki Mafinga tarehe 8 Julai 2000, wakajaliwa Lea na Aroni. Habari ya kidoti Mama Lea hajaikubali hadi sasa.

Simu zilipoingia kila mfukoni, kibanda kilifungwa. Mwaka 2023 marehemu aliugua figo, akawa anasafirishwa kwenda Iringa kusafishwa damu. Lea alimrekodi akiwa kitandani akieleza nadharia yake, akaiweka mtandaoni ili watu wacheke. Walicheka kweli. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Chunya, akapiga simu.

"Binti, huyu mzee habari ya kiazi kaitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu, marehemu."

Fundi akauliza tena: "Bibi yako alikuwa anaitwa Verediana?"

Ndivyo Baba Mdogo Vitus alivyopatikana. Aliona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, akangoja mpaka aibu yenyewe ikazeeka. Aliingia wodini Iringa tarehe 14 Juni mwaka huu. Ilikuwa Jumamosi.

Marehemu alimwangalia sana, akasema, "Umechelewa."

Vitus alikuwa analia, lakini akajikaza: "Kaka, nimeitafuta ile filamu ya Mchina nikaiangalia mpaka mwisho. Anatafuta upanga."

"Kaa hapa," marehemu akamwambia, akipigapiga godoro kando yake. "Hujui filamu."

Walibishana siku zote zilizobaki, mpaka manesi wakagawanyika kambi mbili. Tulimwona Silvester akicheka kuliko alivyocheka alipokuwa mzima. Alitutoka alfajiri ya tarehe 3 Julai 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Mama Verediana alipozikwa mwaka 2011, ratiba ya mazishi iliandika kwamba ameacha watoto wawili, Silvester, na Vitus ambaye hajulikani alipo. Leo tunasahihisha. Silvester Kalinga ameacha mjane, Tusekile, watoto, Lea na Aroni, mjukuu, Blessing, rafiki, Vinubhai, ambaye bado ameshika kichwa, na mdogo wake, Vitus, pamoja na mke na watoto wake. Anajulikana alipo. Ameketi pale mbele, kando ya jeneza.

Lala kwa amani, Silvester. Safari hii wewe ndiye uliyechelewa, na mama amekufukia kiazi chako.