Koja la Asumini la Shangazi Kung

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulea panya wa maabara yetu hapa Khon Kaen, Bi Kanlaya Phromsit, ambaye sote tunamwita Shangazi Kung, anastaafu tarehe 30 Septemba. Kuandika maneno haya ya kumuaga nimepewa mimi Decha, fundi umeme. Niliishia darasa la sita, lakini Singapuri nimefika mara mbili, na maprofesa wakiandika hata panya husinzia.

Shangazi alianza kwa kuosha vizimba. Ajan Wichuda, mkuu wetu (ajan ni profesa kwa lugha yetu), alipoanza utafiti wa Alzeima, ule ugonjwa wa kusahau, alimkabidhi panya waliozaliwa nao. Nusu walidungwa ubongoni seli shina zilizotiwa jeni ya kusafisha uchafu wa ubongo. Nusu walidungwa maji matupu. Kisha kila panya alitiwa kwenye bwawa atafute jukwaa lililofichwa chini ya maji. Anayekumbuka hufika upesi. Aliyesahau huzunguka kama mgeni sokoni.

Tulijua kwa nini Shangazi aliwapenda panya wale. Mama yake, kule Kalasin, alikuwa ameanza kumwita kwa jina la dada yake marehemu.

Majibu yalipotoka, panya wote walikuwa wamefika upesi, waliotibiwa na wasiotibiwa. Maana yake dawa si kitu. Wafadhili wakataka mradi ufungwe, Ajan akajifungia ofisini.

Shangazi ndiye aliyemgongea. Mimi nilikuwa juu ya ngazi koridoni nabadilisha taa, nikasikia yote.

"Ajan, nimekosa. Nilitundika koja la asumini ukutani penye bwawa, kuombea kazi yetu. Liko juu ya jukwaa hasa."

Sisi makoja tunatundika kila mahali, hata sanduku langu la fyuzi lina lake, kwa hiyo hakuna aliyeliona. Panya waliliona. Hata mgonjwa alifuata maua meupe tu, bila kukumbuka chochote.

"Shangazi wewe! Mimi kichwa kinaniuma wiki nzima, kumbe panya wanakwenda hekaluni!"

"Nifukuze tu, Ajan."

"Nikufukuze, nani atawashika? Mimi wananing'ata!"

Jaribio likarudiwa bila koja. Waliotibiwa wakafika, wasiotibiwa wakazunguka, na mradi ukabaki hai. Koja likahamia nje ya mlango. Kila mwaka tunapowaalika watawa wa hekaluni kuwaombea wanyama waliokufa kwa kazi yetu, Shangazi ndiye hubeba chakula cha sadaka, na ndiye hulia.

Dawa hiyo bado ni ya panya tu. Ajan anatukataza kumdanganya mtu. Mama yake Shangazi hamtambui tena mwanawe, na akiamka huzunguka nyumba nzima akitafuta chumba chake. Shangazi anakwenda kukaa naye. Nilimuuliza kazi ya kwanza huko itakuwa nini.

"Kutundika koja," alisema, "juu ya mlango wa mama."

Asante kwa yote, Shangazi. Uishi vizuri huko, wewe na mama. Taa ya kulimulika koja hilo nitakuja kuiweka mwenyewe, na nauli sitaki.